Radhi moja kabla Banda halijafungwa

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatano. Ghalia Matar ameshaweka kikombe cha chai ya tangawizi mezani, amejitanda mtandio wake wa nyumbani na kufungua kompyuta. Kwenye skrini malalamiko matatu yanamsubiri.

La kwanza linatoka kwa mama mmoja wa Leeds anayedai kwamba mwenzake ameiba maelezo yake ya mkate wa ndizi mbivu. La pili linahusu mtu aliyepenyeza tangazo la dawa ya chawa. La tatu ni la baba mmoja aliyesahau nywila yake, na hii ni mara ya nne anaisahau mwezi huu.

"Matatu," anasema Ghalia, akicheka kwa pua. "Zamani nikifungua hapa nakuta mia mbili, mia tatu. Chai inapoa sijaigusa. Leo naimaliza yote, na maandazi juu yake."

Dakika kumi na moja zinamtosha. Tangazo la chawa linafutwa, baba msahaulifu anatumiwa njia ya kubadilisha nywila, na mama wa Leeds anajibiwa kwa upole kwamba mkate wa ndizi hauna mwenyewe. Baada ya hapo Ghalia anaweka mikono mezani na kuitazama skrini.

Ghalia, mwenye umri wa miaka 46, ni msimamizi wa mijadala wa Pramshed, jukwaa la wazazi la mtandaoni lililoanzishwa London mwaka 2006. Jina hilo ni la kile kibanda cha kuwekea vigari vya watoto, na Waswahili wachache waliokuwa wanachama walilifupisha wakaliita Banda. Keshokutwa, Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Banda linazimwa. Kati ya wafanyakazi kumi na wanne waliokuwapo enzi za neema amebaki yeye peke yake, na kazi yake ni kukaa mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke.

Anaifanya kazi hiyo sebuleni kwake Tottenham, kwenye fleti ya council, yaani ya halmashauri, iliyo ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inapojisikia. Mumewe, Talib, ni dereva wa basi na ametoka tangu alfajiri. Binti yao Malak, mwenye miaka 18, anajiandaa kwenda chuoni, na muziki wake unapenya chini ya mlango wa chumba chake.

Kibarua cha Ghalia kinaota nyasi, lakini ukimuuliza kinachomnyima raha hakutajii mshahara. Anakutajia mtu mmoja ambaye hajapata kuonana naye uso kwa uso, mama aliyeondoka Bandani miaka mitano iliyopita bila kuaga.

"Nataka radhi yake," anasema. "Nimeomba kwa watu sitini na watatu, wote wamenijibu. Amebaki yeye, na yeye ndo niliyemkosea khasa."

Kwao Wete, kisiwani Pemba, mtu akitaka kwenda Hija au kuhama mtaa huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hataji kosa. Husema tu kwamba alipomkosea mwenzake kwa kujua na kwa kutojua, basi amsamehe, na mwenzake humjibu kwamba amesamehe na yeye asamehewe. Hapo mtu huondoka mwepesi. Ghalia aliona kufungwa kwa Banda ni sawa na mtaa mzima kuhama kwa siku moja, akaanza kuwaandikia wanachama wa zamani aliowahi kushughulika nao kwa karibu.

Waingereza si watu wa mambo hayo. Mama mmoja wa Cardiff alijibu kwamba ujumbe ule ulimliza kwenye treni mbele ya wanafunzi wake. Mwingine alidhani ni matapeli, akaupeleka ujumbe kwa msimamizi wa jukwaa kama malalamiko rasmi. Msimamizi mwenyewe ndiye Ghalia, kwa hiyo aliyapokea malalamiko dhidi yake, akayachunguza, akajiona hana hatia.

Ghalia alifika London mwaka 2001 akiwa na miaka 22, baada ya machafuko ya Januari mwaka ule yaliyowatawanya Wapemba wengi. Alisafisha ofisi karibu na Edgware Road, akaolewa, na mwaka 2007 akamzaa Malak. Hapo ndipo alipouonja ugeni barabara.

"Kwetu mzazi ana arubaini yake. Anakandwa, anapikiwa, haguswi na kazi," anasimulia. "Mie hapa siku ya tatu nilikuwa nashuka ngazi na mfuko wa taka mkononi, na mtoto analia juu. Sina mama, sina shangazi, sina hata jirani wa kumuuliza kwa nini anatapika."

Muuguzi aliyekuja kumpima mtoto ndiye aliyemwandikia jina la jukwaa kwenye kijikaratasi. Ghalia akauliza swali lake la kwanza kwa Kiingereza cha kuokoteza: mtoto ana kwikwi, atakufa? Kabla maji ya chai hayajachemka wanawake tisa walikuwa wameshamjibu kwamba hafi. Anasema aliwapenda tangu siku ile.

Miaka minne baadaye mwenye jukwaa, Rupa, alimpa kazi. Rupa ni mama wa Kingsbury, wa familia ya Kihindi iliyotoka Kisumu, na Banda alilianzisha kwenye chumba cha juu ya duka la vyombo la baba mkwe wake. Kiswahili cha dukani bado anacho.

"Niliona huyu mwanamke anajibu watu bure, tena vizuri kuliko wale nalipa," anasema Rupa. "Nikamwambia, wewe kuja kwa payroll." Leo Ghalia analipwa pauni 13 na senti kadhaa kwa saa, saa ishirini na nne kwa wiki.

Kazi ya msimamizi ni kusoma. Mwanachama akiona ujumbe unaovunja kanuni hubonyeza kitufe, na ujumbe huo huja kwa Ghalia kuamuliwa. Amesoma ugomvi wa wakwe, wa majina ya watoto, wa maziwa ya kopo na maziwa ya mama. Anasema hakuna vita vikali duniani kama vya watu wawili wanaobishana saa ya mtoto kulala.

Humo ndimo alimofahamiana na Jedidah. Jedidah ni muuguzi kutoka Meru, Kenya, aliyejiunga na Banda mwaka 2008 alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Jina alilojiandikishia lilikuwa "Mama" likifuatiwa na jina la mtoto, kama wanawake wanavyoitana nyumbani. Jina hilo la mtoto halitaandikwa hapa, kwa kuwa mwenyewe halitumii tena. Lakini neno lile la kwanza ndilo lililomshtua Ghalia, akamwandikia faraghani: we Mama, ni wa wapi? Kuanzia hapo wakawa wanaandikiana Kiswahili, cha Pemba na cha Meru, na kila mmoja akimcheka mwenzake.

Mwaka 2012 Malak alipata homa. Alikuwa na miaka mitano, mwili unachemka, na vidoa vimemtoka mapajani. Ghalia alidhani ni surua. Akamwandikia Jedidah juu juu tu, katikati ya kusimulia mambo mengine, kwamba mtoto ana surua na kesho atampeleka kwa daktari.

Jibu lilikuja lote kwa herufi kubwa. Chukua glasi ya kunywea maji, aliandika Jedidah, uikandamize juu ya vile vidoa. Vikififia, ngoja kesho. Visipofifia, piga 999 uite ambulensi sasa hivi, usingoje basi.

Ghalia akachukua glasi kabatini, akaikandamiza pajani mwa mwanawe, akatazama. Vidoa havikufifia.

"Ilikuwa homa ya uti wa mgongo," anasema. "Daktari aliniambia ungengoja mpaka asubuhi, tusingekuwa tunazungumza haya. Yule mwanamke hajaniona hata siku moja, wallahi, na mwanangu yu hai kwa ajili yake."

Kwa hiyo mtu anayemdai Ghalia radhi ndiye aliyemwokolea mtoto. Hapo ndipo lilipo donge.

Novemba mwaka 2020, Jedidah aliuliza swali Bandani. Mtoto wake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na ambaye siku zote alijulikana kuwa mvulana, alikuwa amemwambia kwamba yeye ni msichana. Jedidah aliandika kwamba anampenda mwanawe, kwamba shule itauliza, na kwamba hajui aanzie wapi.

Kwa siku mbili majibu yalipita mia nne. Wapo waliomtia moyo. Wapo waliosema kwa adabu kwamba wana wasiwasi watoto wasiharakishwe, na wapo waliosema wanazungumzia haki za wanawake, mjadala ambao Uingereza imekuwa ikiubishania kwa ukali kwa miaka mingi. Ghalia anasema na hao hakuwa na ugomvi, kwani jukwaa ni la kubishana. Lakini walikuwapo wengine waliomwita mtoto kichaa, waliomwita mama mharibifu anayestahili kunyang'anywa mtoto, na mmoja aliyekwenda kuchimba mpaka akaandika hadharani hospitali na wodi anayofanya kazi Jedidah.

Ghalia ndiye aliyekuwa zamu. Kanuni za Banda zilimpa njia mbili. Angeweza kuufuta ujumbe na kuacha alama mahali pake, ikisema kwamba umefutwa kwa kuvunja kanuni na aliyeuandika ameonywa. Au angeweza kuuondoa kimya, usibaki hata unyayo, na kumwonya mwandishi wake kwa ujumbe wa faragha.

Kwa miaka yote tisa ya kazi alikuwa akichagua njia ya pili, na siku ile aliichagua tena. Alifuta jumbe thelathini na moja. Akawaandikia watu saba faraghani, mmoja mmoja, tena kwa maneno makali. Hakuna mwingine aliyejua.

"Nimelelewa hivyo," anaeleza. "Mtu mzima hakemewi mbele za watu, unamwita pembeni. Na mwenzio akifikwa na jambo, unamsitiri. Unajifanya hukuona. Kwetu hiyo ndo heshima."

Na Jedidah naye, Ghalia alimsitiri vivyo hivyo. Hakumwandikia neno, si hadharani wala faraghani. "Nikajisemea, huyu ana zito nyumbani kwake, nikimuuliza nitamtonesha. Akipoa nitamwandikia."

Siku ya tatu akaunti ya Jedidah ilifungwa. Miaka kumi na miwili ya maandishi yake ikabaki Bandani bila jina, na Ghalia hakuwa na njia ya kumfikia. Alikuwa na moja, kusema kweli. Hospitali na wodi alizijua, kwa kuwa alizisoma kwenye ule ujumbe aliofuta. Hakwenda. "Anwani niliyoipata kwa adui yake siwezi kumwendea nayo," anasema.

Kilichofuata kinasimuliwa kwa namna mbili, kutegemea unamuuliza nani. Waliolishutumu jukwaa wanasema lilivumilia chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na kwamba wenye matusi walijifunza kuwa hapo hawaguswi. Ghalia, ambaye alikuwa akiwagusa kila siku, hakuwa na cha kuonyesha. Alichokifuta hakikuacha alama. Kilichobaki, kile ambacho bado hajakifikia, ndicho watu walichokipiga picha kwenye skrini na kukisambaza.

"Kila mtu alikiona kimya changu, hakuna aliyeiona kazi," anasema. Watu saba wale walirudi, wengine kwa majina mapya, na wakaja na wenzao.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 kampuni ya nepi iliyokuwa ikitangaza biashara yake Bandani iliondoka. Ikafuata ya maziwa ya kopo, kisha ya vitanda vya watoto. Rupa, akiwa dukani kwake Kingsbury Road, anakataa kwamba jukwaa lake lilikuwa la chuki. Anasema pia magrupu ya WhatsApp yalikuwa yameshaanza kuwanyakua kina mama kabla ya hayo yote, jambo ambalo takwimu zake zinaliunga mkono kwa kiasi fulani.

"Mimi nilifikiri ni debate tu," anasema, akipanga sufuria ambazo tayari zimepangika. "Watu wakubwa wanabishana, kesho wanarudi kwa habari ya nepi. Hawakurudi."

Mwaka 2022 alikaza kanuni. Kila kilichofutwa kikaanza kuachiwa alama nyekundu. Sasa wakalalamika wale wa upande wa pili, kwamba wanazibwa midomo, nao wakahama kwa makundi. Mshika mawili moja humponyoka, na Rupa yalimponyoka yote. Mwaka 2016 watu 180,000 walikuwa wakiandika Bandani kila mwezi. Mwezi uliopita hawakufika 6,000, na wengi wao walikuwa wakizungumzia mapishi.

Watu humuuliza Ghalia yeye mwenyewe anaamini nini. Wanatazama mtandio, wanadhani wameshapata jibu. Halikwepi swali.

"Dini yangu ina maneno yake na mie ni mtu wa dini, sifichi," anasema. "Lakini nionyeshe wapi imeandikwa umtukane mama wa mtu mbele ya halaiki, umtangazie na mahali anapofanya kazi. Mie niliwekwa mlangoni. Na huyu hakuwa mtu baki, alikuwa mwenzangu. Nilikuwa na deni la mtoto."

Nyumbani kwake mambo hayo hayakusemwa mpaka mwaka huu, ilipotangazwa tarehe ya kufunga. Talib alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akamwambia mficha uchi hazai. Ghalia alinuna siku mbili. Alijua methali hiyo tangu utotoni, anasema, ila hakuwahi kufikiri kwamba ingemgeukia yeye.

Malak alikuwa mkali zaidi. Kama vijana wengi waliozaliwa London, anakisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Mum, no," alimwambia mama yake aliposikia mpango wa kutafuta namba ya simu ya Jedidah kwa siri. Akamweleza kwamba matusi yalitolewa sebuleni, watu wamejaa, na mama akaenda kunong'ona jikoni. Huwezi tena kuomba radhi jikoni.

Kwa hiyo Jumatano hii, chai ikiwa imekwisha na malalamiko yamekwisha, Ghalia anafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya katika miaka kumi na minne ya kazi. Anaandika kwa jina lake kamili, na ujumbe anaupachika juu kabisa ya ukurasa wa mbele, mahali ambapo kila anayeingia lazima auone. Ameuandika kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kiswahili. Rupa ameusoma kwa simu na kusema, weka, mimi sina kitu cha kupoteza tena.

Unasema hivi:

"Mimi ni Ghalia Matar, msimamizi wa jukwaa hili. Novemba 2020 mama mmoja aliuliza swali hapa kuhusu mtoto wake, akatukanwa. Nilifuta matusi thelathini na moja kimya kimya, na yeye sikumwandikia hata neno moja. Nilidhani namsitiri. Kumbe nilimwacha amesimama peke yake. Mama huyo ndiye aliyeniambia nichukue glasi mwaka 2012, na kwa sababu yake binti yangu yu hai. Ningependa kukuita kwa jina la mwanao, lakini sijui leo wewe ni mama wa nani, kwa kuwa sikuuliza. Naomba radhi yako hapa hapa, watu wote wanaona."

Anabonyeza. Halafu anainuka, anaosha kikombe ambacho alishakiosha.

Mpaka Alhamisi jioni majibu yamefika mia mbili. Wengi ni wa huruma. Mmoja anaandika kwamba amechelewa miaka mitano, na Ghalia anaacha jibu hilo lilivyo, kwani anaona ni la kweli. Wawili wanarudia matusi ya zamani juu ya mtoto. Ghalia anayafuta na kuacha alama, na chini ya alama anaandika majina yao ya uanachama na kosa lao, kisha anatia saini kwa jina lake. Anasema alihisi anamkemea mtu mzima katikati ya harusi.

Kutoka kwa Jedidah, hakuna kitu.

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini. Zimebaki dakika arobaini. Talib ametoka kazini mapema na amekaa kwenye kochi bila kuvua koti la kazi. Malak yuko sakafuni, ameegemea magoti ya baba yake. Kwenye kompyuta watu wanaagana, wanatumiana picha za watoto ambao sasa wana ndevu.

Pembeni mwa skrini, kwenye foleni ya wanaoomba kujiunga, inatokea namba moja. Mtu mpya anaomba uanachama wa jukwaa lenye dakika arobaini za uhai. Ghalia anadhani ni wale wa dawa ya chawa. Anafungua ili akatae.

Jina la mwombaji ni "Mama Makena", na Makena ni jina la wasichana wa Meru.

Malak anasogea, anasoma, anaziba mdomo kwa mkono. Talib anauliza kuna nini. Sheria ya Banda inataka kila mwanachama mpya akubaliwe na msimamizi, na Ghalia, mwenye vidole vinavyojua kitufe hicho hata gizani, anakikosa mara ya kwanza. Mara ya pili anakipata.

Saa kumi na nusu Mama Makena anaandika chini ya ujumbe wa Ghalia, hadharani, kwa Kiswahili, maneno manane: "Nimesoma. Bado nimekasirika. Malak ako aje siku hizi?"

Ghalia analia waziwazi, mbele ya mwandishi wa makala haya na mbele ya kila mtu, na hajaribu kujifuta kwa mtandio. Malak ndiye anayejibu. Anaandika kwa Kiswahili, akisaidiwa neno kwa neno na baba yake, kwamba yu mzima na anasoma uuguzi mwaka wa kwanza.

Saa kumi na moja kamili ukurasa unakuwa mweupe.

Jedidah alizungumza na gazeti hili siku iliyofuata kwa simu, akitoka zamu. Ujumbe wa Ghalia, alisema, ulimfikia kupitia muuguzi mwenzake aliyetumiwa picha ya skrini. Aliusoma chumba cha chai, akaufunga, akaenda kugawa dawa, akarudi akausoma tena.

"Wacha nikwambie ukweli," alisema. "Wale watu wa matusi sikuwashangaa. Mtu nilikuwa nangoja ni mmoja tu. Nilikuwa nafungua simu kila dakika tano kuangalia kama Mama Malak amesema kitu. Alinifunika kama aibu, na mimi sikuwa na aibu. Nilikuwa na mtoto."

Habari ya matusi thelathini na moja yaliyofutwa aliijua kwa kusoma ujumbe huo. "Hata hiyo angeniambia," alisema. "Ningejua kuna mtu."

Makena sasa ana miaka 17, na ndiye aliyeruhusu jina lake liandikwe. Ndiye pia aliyemchagulia mama yake jina la kujiandikishia siku ile ya mwisho. Kuhusu radhi, Jedidah hakutoa jibu. Kwao, alisema, hawana desturi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, lakini mtu akikukosea anakuja, anaketi, mnakula, ndipo mnaongea. "Hii ya kuandikiana imetosha. Aje Jumapili. Amlete Malak nimwone, mimi najua vidoa vya mapajani mwake tu."

Ghalia ameomba kazi ya ukalimani katika kliniki ya wajawazito na bado hajajibiwa. Hilo analizungumza kwa ufupi, kisha anarudi kwenye Jumapili. Atapika mkate wa kumimina, ule wa mchele. Glasi ile bado iko kabatini, na Malak anataka waibebe, ingawa mama yake anaona itakuwa kama kumkumbusha mtu wema wake ili akulegezee.

Talib amejitolea kuwapeleka kwa gari jioni, barabara zikiwa tupu. Ghalia amekataa. Watakwenda kwa basi, mchana, wakati majirani wa Jedidah wako nje na watoto wanacheza mbele ya nyumba.

"Sitaki kuingia kwa kujiiba," anasema. "Nataka kila mtu mtaani pale aniangalie. Nisimame mlangoni kwake, nipaze sauti niseme: Hodi, Mama Makena."